Zamu ya Mama Hosiana

Ijumaa saa mbili asubuhi Mama Hosiana aliukuta mfereji wake mkavu, na zamu ilikuwa yake. Maji yalikuwa yanaingia shamba la Obadia, katibu wa skimu yao ya umwagiliaji wa mpunga huko Kerenge, ambaye zamu yake ilipita wiki iliyotangulia.

Mkaguzi wa polisi Salome alifika kutoka Korogwe mjini, akaanza na Joseph, mlinzi wa lango la maji.

"Afande, mimi nafuata ujumbe wa simu. Saa kumi na mbili umekuja, umesema Obadia."

"Hukujua alishapata?"

"Nilijua. Lakini ni kompyuta."

Salome akashusha pumzi. Tangu afike, kila aliyemsalimu alikuwa akimwambia kompyuta, kana kwamba ni mganga asiyeulizwa. Miche ya Mama Hosiana ilikuwa imeanza kukomaa mno kitaluni. Isipopandwa leo, msimu wake umekwisha.

Obadia alikuwa kwenye tuta la shamba lake, akisubiri lijae. Mafungu ya miche iliyong'olewa yalikuwa yamepangwa hapo, majani yamelegea. Akamwonyesha mkaguzi ukurasa wa skimu kwenye simu. Jedwali lilisema wiki ya pili Obadia, wiki ya tatu Hosiana.

"Mimi nimeandika sawa. Programu ya yule binti ndiyo mbovu. Mkamate yeye."

Yule binti, Yusra, alifika kutoka Handeni saa sita, amejaa vumbi na hasira. Akafungua kompyuta mpakato.

"Shikamoo, afande. Programu nimeiandika mwenyewe kwa Python, lugha ya kompyuta. Kila Ijumaa inasoma ukurasa kwa kufuata njia hii, kisha inamtumia Joseph jina." Kwenye skrini kulikuwa na //tbody/tr[3]/td[1]. "Yaani ingia kwenye jedwali, shuka hadi mstari wa tatu, chukua jina la kisanduku cha kwanza. Leo ni wiki ya tatu."

"Mstari wa tatu ni Hosiana. Nimeuona."

"Kwa macho. Ngoja tuiulize programu inahesabu mingapi."

Kwenye simu mistari ilikuwa sita. Programu ikajibu saba. Yusra akafungua msimbo wa ukurasa: juu kabisa mtu alikuwa ameongeza mstari mtupu, akauficha usionekane. Programu iliuhesabu, hivyo wa tatu akawa Obadia.

"Nani anaweza kuandika humu?"

"Mimi na katibu."

"Basi ni yeye," Obadia akadakia.

Salome alikuwa amechoshwa naye kabisa. Akayatazama yale mafungu.

"Katibu, miche hii umeing'oa lini?"

"Jana jioni," Obadia akajibu, kama ambavyo mkulima yeyote angejibu.

"Ujumbe umekuja leo. Nani anang'oa miche kabla hajawa na uhakika wa maji?"

Wapandaji wake, waliokuwa wameanza upande uliojaa maji, wakaacha kazi. Obadia akainamisha kichwa.

"Kitalu changu kilichelewa. Maji yalikuja miche ikiwa bado midogo. Ningefanyaje?"

"Ungeniomba," akasema Mama Hosiana, aliyekuwa amemfuata mkaguzi.

Salome akaamuru maji yageuziwe shamba la Mama Hosiana. Joseph, aliyeitwa kutoka langoni, akajikuna kichwa.

"Afande, bila ujumbe..."

Salome alitamani kulia. Yusra, bila kuinua macho, alikuwa anaibadilisha njia: isihesabu mistari tena, itafute ule ulioandikwa wiki ya tatu. Simu ya Joseph ikalia. Akausoma ujumbe mara mbili, akaenda langoni.

Obadia akaitazama miche iliyobaki juani.

"Na hii yangu, afande?"

"Subiri ujumbe."