Maji ya Baba na Filta Namba Kumi

Saa saba mchana, wafanyakazi wa maofisini wakisukumana kwenye kichochoro cha maduka, mwanamke mmoja alijipenyeza hadi mbele ya duka la kamera na kuweka lenzi yake juu ya kaunta.

"Kaka, nataka filta nyeusi ya lenzi hii. Namba kumi."

Fundi alikuwa ameinamia kamera aliyoitoa matumbo yote nje. Alipoinua macho, bisibisi ilimponyoka. Blauzi ya manjano, suruali ya jinzi iliyokunjwa juu ya vifundo, kitambaa chekundu kichwani, na uso wa mtu asiye na muda wa kupoteza.

"Namba kumi ya nini, dada? Unapiga picha jua?"

"Napiga maporomoko ya maji."

"Basi hiyo itakuharibia. Kioo chake kina giza mno, itabidi uache shata, mlango wa kamera, wazi nusu dakika nzima. Maji yatatoka kama uji! Chukua namba tatu, uone maji yana misuli."

"Nimekuomba ushauri?"

Waliopanga foleni wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, akaokota bisibisi yake. Namba kumi haikuwapo dukani. Ilibidi iagizwe, na kwa ajili hiyo akaandika namba ya simu ya mteja wake taratibu, kama mtu anayechonga.

Jioni ileile akapiga. "Mpiga picha, filta haijafika."

"Si nimeagiza leo?"

"Nilidhani unasubiri kwa hamu."

Kesho yake akapiga tena. "Bado."

"Fundi, jana uliniambia bado."

"Leo ni bado zaidi."

Mpiga picha alicheka hadi mteja aliyekuwa kitini, kwenye studio yake ndogo ya picha za pasipoti, akacheka pia na picha ikaharibika. Wiki ya pili wakaanza kula chakula cha mchana pamoja, bega kwa bega kwenye ngazi za nyuma ya duka, na "dada" likageuka "mpenzi" bila yeyote kulitolea tangazo.

Filta ilifika Jumatano. Ilikuwa imefika kwa kuchelewa, kwani Jumamosi saa sita mchana maporomoko yale ya nje ya mji yangefungwa, maji yaingizwe kwenye mabomba. Mafundi wa ujenzi waliruhusu watu kuteremka huko Alhamisi na Jumamosi tu, kuanzia saa nne asubuhi, jua likiwa tayari kali. Kwa mwanga kama ule, bila filta nzito hupati picha ya shata iliyoachwa wazi muda mrefu. Unapata karatasi nyeupe.

Alhamisi mpiga picha akafunga studio, akashuka ule mteremko na stendi begani. Akapanga stendi juu ya mwamba, akalenga, akafungua kiboksi. Juu kimeandikwa kumi. Ndani, pete ya filta imeandikwa tatu, na kikaratasi: "Utanishukuru, kipenzi. Wako, Fundi."

Alijaribu hata hivyo. Kila alichopiga kilitoka cheupe pee.

"Umefanya nini?" Alimpigia Fundi papo hapo, maji yakinguruma nyuma yake.

"Mpenzi, ngoja nikueleze. Ukiyapiga kwa kasi..."

"Umenichagulia! Nilikuambia ninachotaka, ukatabasamu, kisha ukafunga boksi na unachotaka wewe. Siku yangu moja imekwenda na maji. Nimebakiwa na moja tu."

Akazima simu.

Ijumaa Fundi alisimama mlangoni mwa studio, filta namba kumi mkononi, shati limepigwa pasi upande mmoja tu, macho mekundu. Mpiga picha alikuwa akimrekebisha mzee mmoja kola. "Tazama mbele, baba, usicheke," alisema, na bila kugeuka akaongeza, "Wewe weka filta hapo mezani, nenda zako."

Fundi akaiweka. Alifika hadi kizingiti, akarudi.

"Nilikosa. Sina la kujitetea. Ila niambie jambo nililopaswa kukuuliza siku ya kwanza. Kwa nini namba kumi?"

Mpiga picha alisubiri mzee aondoke, ndipo akajibu.

"Baba yangu alifungua na kufunga malango ya maji pale miaka thelathini na moja. Sasa amepooza mguu, hawezi ule mteremko. Anasema mtu akiyatazama maji yale kutwa nzima, mwisho hayaonekani yakianguka. Yanatulia, kama shuka jeupe limetandikwa juu ya mawe. Hilo ndilo analotaka kuliona kabla hayajafungwa. Misuli ya maji anaijua, imemvunja mgongo."

Fundi aliitazama ile filta mezani. "Pale kuna manyunyu," alisema. "Namba kumi ikilowa, haisafishiki haraka. Utahitaji mtu wa kushika mwavuli."

"Anayeshika mwavuli hasemi kitu."

"Bubu kabisa."

Jumamosi saa tano walikuwa juu ya mwamba. Mpiga picha alilenga kwanza, akafunga filta, na kamera ikawa kipofu. Kilichobaki ni kuhesabu moyoni. Sekunde thelathini. Upepo ukasukuma stendi, picha ikachafuka. Mara ya pili, tone kubwa likatua katikati ya kioo. Fundi, amelowa hadi kwapa, akasogeza mwavuli bila neno. Mara ya tano, ya sita. Filimbi ya kwanza ya mafundi wa ujenzi, ya kuwatoa watu, ikalia.

"Tutoke?" Fundi alinong'ona.

"Si umesema bubu? Shika mwavuli."

Mara ya tisa akaitazama picha, akakaa chini juu ya jiwe, akalia. Nyuma yake maji yakaanza kupungua.

Mchana uleule baba yake aliipokea picha sebuleni, imetoka kuchapwa studioni, mke wake akimshikia miwani. Aliitazama hadi chai ikapoa. Kidole chake kikapita juu ya maji, toka juu hadi chini.

"Ndiyo," alisema. "Hivi hivi, kila siku saa tisa." Kisha akamwinulia macho mgeni aliyelowa. "Na huyu aliyetuharibia zulia ni nani?"

"Nataka awe mume wangu, baba, ila bado sijamuuliza." Mpiga picha akageuka. "Fundi, utanioa?"

Kikombe cha Fundi kikagonga sahani. Akamtazama baba, akamtazama mama, akamtazama mwanamke aliyempenda tangu bisibisi ianguke.

"Naruhusiwa kusema sasa?"

"Sasa ndiyo. Na usitoe ushauri."

"Nitakuoa," alisema Fundi, sauti imempaa, na mama mtu akaenda kumtafutia shati kavu.