Mdudu wa Kreti Niliyemwita wa Maramba

Mwaka 2018 nilikuwa na miaka sitini na moja, na hapo ndipo shida yangu ilipoanza. Simlaumu mtu. Niliianzisha mwenyewe, kwa mkono huu huu ninaoandikia.

Mimi ni Athumani, wa Ngamiani, Tanga. Nimesoma mpaka darasa la tatu, basi. Baba alinitoa shule nikashike ncha ya chini ya msumeno kule Maramba. Waliopasua mbao wanajua... wa juu anaona mstari, wa chini anakula vumbi. Nimelila vumbi hilo miaka kumi na moja! Kisha nikapata msumeno wangu, nikapata baiskeli, nikapata kiwanja, mpaka nikafungua yadi ya mbao yenye mashine. Hakuna aliyenishika mkono.

Wasomi walikuja kwangu na shikamoo zao, wakaniuliza mzee, hii mbao gani? Nami nanusa tu, naitaja. Mvule, mkangazi, mninga... Katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kumwambia mtu kwamba mti huu siujui.

Mke wangu Mwanakombo alifariki wakati binti yetu Saumu ana miaka tisa. Nikamlea mwenyewe. Nilimsuka nywele mimi, vibaya, watoto wenzake wakamcheka, nikajifunza. Saumu akasoma mpaka chuo kikuu. Na huko akachagua kusomea nini? Mdudu! Tena adui yangu mwenyewe, yule mbawakawa wa pembe ndefu ambaye funza wake hula mbao kwa ndani. Pembe zake zinapita urefu wa mwili wake. Ukimshika hulia kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Sisi watu wa mbao sheria yetu ni moja. Ukiona kitundu na vumbi laini kama unga, mbao hiyo unaichoma siku hiyo hiyo. Niliwahi kuchoma mlango mzima ambao mwenyewe alikuwa njiani kuja kuuchukua. Sikujuta.

Kazi ya Saumu alinieleza nikaielewa. Anatafuta mdudu ambaye hakuna mtu duniani amewahi kumwandika. Akimpata anampima, anahesabu vipingili vya pembe, anamchora, anaandika alivyo hata msomi wa mbali akisoma amtambue. Kisha anampa jina, na jina hilo halifi. Chini ya kila mdudu huchomekwa kikaratasi kidogo kama ukucha. Kinasema ametoka wapi, siku gani, mti gani, kaokotwa na nani.

Siku moja nilimtania kwamba kikaratasi chenyewe kikubwa kuliko mdudu. Hakucheka. Akaniambia, "Baba, mdudu bila karatasi hana maana. Na karatasi ikisema uongo, heri mdudu asingekuwepo."

Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Siwezi kusema sikuambiwa.

Misimu miwili ya mvua alihangaika kwenye msitu wa juu ya Maramba. Mimi ndiye niliyemwonyesha miti, maana huko nilikulia. Kila mdudu aliyempata, akifungua vitabu anakuta wengine walishamwandika. Muda wa masomo ukawa unakwisha. Mwanangu akakonda, akawa hali vizuri.

Na kwenye baraza ya kahawa nako hawakuniacha. Jirani yangu mmoja kila nikikaa ananiuliza, "Yakhe, binti yako keshamaliza mende wa Maramba, au wamebaki?" Watu wanacheka. Nami nacheka. Lakini moyoni...! Mimi niliyejisifu kwamba msitu ule hauna siri kwangu, nashindwa kumpatia mwanangu mdudu mmoja?

Ndipo ikaja ile mashine ya kuranda. Niliinunua kwa mfanyabiashara aliyeitoa bandarini, ikiwa ndani ya kreti la mbao. Fundi wangu Hoza, ambaye tulikuwa pamoja miaka kumi na sita, akalivunja kreti. Mbao zake zilikuwa nyekundu nyekundu, laini, na zimepigwa muhuri wa maandishi ya kigeni nisiyoyajua. Nikainusa moja.

Sikuijua.

Wasomaji wenzangu, pua yangu ilijua siku ile ile kwamba mti huu si wa kwetu! Sikusema kitu. Niliona haya mbele ya Hoza.

Baada ya wiki chache Hoza akaniita. Mbao ya kreti ilikuwa na kitundu, na juu yake amekaa mbawakawa wa pembe ndefu, wa kijivu, ana madoa mawili ya rangi ya chungwa mgongoni. Sijapata kumwona kama yule. Siku ya tatu akatoka wa pili. Hoza akasema, "Mzee, nichome?" Mkono wake tayari uko kwenye kiberiti.

Nikamwambia aache.

Nini kiliniingia? Najiuliza mpaka leo. Niliwaua wale wadudu kama nilivyomwona Saumu akifanya, nikawatia kwenye kisanduku cha kiberiti. Kisha nikachukua karatasi. Mimi ambaye kuandika ni kazi kuliko kubeba gogo, nikaandika neno moja kwa herufi kubwa. MARAMBA.

Nilimpelekea Saumu, nikamwambia nimewatoa kwenye mkangazi ulioanguka karibu na kijito, kule tulikokuwa tukipasua mbao zamani. Aliwatazama muda mrefu. Kisha mwanangu, mtu mzima, akakaa chini sakafuni akalia. Akasema hajawahi kumwona popote vitabuni.

Alifanya kazi mwaka mzima juu ya wadudu wale wawili. Aliandika, akapeleka, ikachapishwa kwenye jarida la wasomi. Akaja nyumbani na karatasi, akanionyesha jina kwa kidole. Lilikuwa na maneno mawili. La kwanza sikuweza kulitamka. La pili lilikuwa jina la mama yake. Mwanakombo!

Mngekuwa mimi mngefanya nini? Pale bado ningeweza kusema. Nilifungua mdomo. Lakini majirani walikuwa wameshajaa, pilau iko jikoni, na yule jirani wa barazani amekuja kunipa mkono... Nikafunga mdomo, nikala pilau.

Miezi minane baadaye ikaja barua kutoka Brazili, huko Amerika ya Kusini. Mwandishi wake ni mama mmoja aliyezeekea kwenye kazi ya kuandika mbawakawa wa pembe ndefu wa bara lile. Saumu alinisomea kwa Kiswahili. Yule mama alisema kwa upole kwamba mdudu huyu ni wa kwao, ameandikwa zamani sana, na yeye mwenyewe anao wengi. Akauliza je, kikaratasi kina hakika?

Saumu akamjibu. Najua alichomjibu kwa sababu alinisomea kabla ya kupeleka. Alisema wadudu wale waliokotwa na baba yake kwa mkono wake. Akamalizia, "Baba yangu hasemi uongo kuhusu mti."

Jamani! Kisu kingenifaa kuliko maneno yale.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika kwa pamoja. Wakubwa wake wa chuoni wakasema alete mdudu mwingine kutoka Maramba, la sivyo andiko lote litafutwa na shahada yake itakuwa mashakani. Saumu akaenda msituni. Masika yote! Anapanda mlima asubuhi anashuka jioni, anapasua magogo ya mkangazi moja baada ya jingine, anatafuta kitu ambacho hakipo. Nami ndiye niliyemwonyesha kijito. Nilisimama nikanyoosha kidole nikasema ni pale. Nilikuwa najua kwamba si pale, wala si popote kwenye msitu ule.

Hoza akaanza kuunganisha. Akaniambia kwa adabu, "Mzee, wale dudu wa kreti ndio anaowatafuta dada Saumu? Mwambie mtoto, atakufa na baridi." Unajua nilimfanya nini? Nilimfukuza kazi mbele ya wateja. Nikamwita mmbea. Miaka kumi na sita! Alikunja shuka lake la kazi, akasema, "Kwaheri, mzee," akaondoka.

Mbao za kreti nazo sikuzichoma. Nilizihifadhi kwenye kona ya yadi, nikitumaini atatoka mdudu mwingine nimsaidie mwanangu kwa uongo ule ule. Wakatoka, ndiyo. Lakini hawakuningoja! Waliingia kwenye mbao zangu. Wateja wakaanza kurudisha fremu za milango zinazomwaga unga. Yadi ya Athumani, ambaye alichoma mlango mzima kwa kitundu kimoja, ikaitwa yadi ya dudu.

Kisha siku moja ya mvua Saumu akateleza kwenye mawe ya kijito kile. Mguu ukavunjika sehemu mbili. Watu wa Maramba walimshusha kwa machela ya miti, wakamleta hospitali Tanga.

Nilimkuta amelala, mguu juu. Nilimwitikia shikamoo yake. Akatabasamu, akasema, "Usijali, baba. Mguu ukipona narudi. Mwaka huu nitaanzia juu ya kijito, nadhani sikupanda vya kutosha."

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote. Kreti, kitundu, kiberiti cha Hoza, karatasi niliyoiandika. Sikumtazama, nilitazama ile plasta.

Hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, kama mbao za kreti bado zipo. Nikaenda yadi kwa baiskeli, nikachagua ubao wenye muhuri, nikaufunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni, nikaurudisha. Akaukunjua mfuko kidogo, akasoma muhuri ule ambao mimi niliutazama miaka yote hiyo kama picha. Akasema, "Baba, imeandikwa hapa. Brazili."

Akaufunga tena mfuko. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike haya.

"Ungesema tu Ngamiani. Hata Ngamiani ningeiandika. Mdudu wa Brazili kuingia Tanga na mizigo, anakula mbao zetu, hiyo ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Ungekuwa umenipa kitu kikubwa kuliko nilichokuwa natafuta."

Mnaelewa? Kweli niliyoificha ilikuwa na thamani kuliko uongo niliojitesa kuutunza! Nilikuwa nimeshika zawadi mkononi, nikaichafua kwa neno moja.

Saumu aliandika barua ya kukanusha kazi yake mwenyewe. Shahada ilichelewa miaka miwili, na mahali alipoahidiwa kazi wakampa mtu mwingine. Jina la mama yake halikufutwa, na hilo ndilo linalouma. Kwa sheria zao jina likishachapishwa halitoki. Linabaki vitabuni chini ya jina la zamani la mdudu, likihesabiwa kama kosa. Mwanakombo hakuwahi kumdanganya mtu hata siku moja, lakini jina lake litakaa hapo kama kosa mpaka mwisho wa dunia. Nimelitia mimi.

Yadi ilibidi ichomwe. Mbao zote, pamoja na kreti. Nilimfuata Hoza kwake, nikamwomba radhi mbele ya mkewe, nikamwomba yeye ndiye awashe, maana alitaka kuwasha tangu mwanzo. Aliwasha. Hakurudi kazini, na kazi yenyewe haikuwepo tena.

Saumu sasa anafanya kazi mkoa mwingine, anachechemea kidogo. Kila Idi huja. Ananisalimia kwa heshima, ananiletea shati. Lakini tukipita chini ya mti, zamani angeniuliza, baba, huu mti gani? Sasa haniulizi tena. Anachuma jani, analitia mfukoni akaulize kwingine.

Enyi wazazi mliojijenga wenyewe, mnaoona haya kusema sijui mbele ya watoto wenu, nawasihi! Mtoto hahitaji ujue kila kitu. Anahitaji ukimwambia jambo aweze kulisimamia mbele za watu. Na kama umeshasema uongo, useme leo, kabla hajapanda mlima kwa ajili yake. Msingoje mguu uvunjike kama nilivyongoja mimi.

Leo nina miaka sitini na minane. Nilivyo navyo ni hivi. Nyumba ya vyumba viwili Ngamiani. Baiskeli. Msumeno wa mkono na randa, natengeneza vigoda. Mashati manne ya Idi. Na kisanduku cha kiberiti chenye mdudu mmoja, niliyemtoa kwenye ubao kabla Hoza hajawasha moto. Chini yake kuna karatasi niliyoiandika mimi, siku nzima, kwa herufi kubwa. Nimemwambia Saumu ipo, akitaka aichukue. Bado hajaichukua. Inasema:

NGAMIANI, TANGA. KRETI LA MASHINE. ALIYEOKOTA, ATHUMANI. MTI SIUJUI.