Nyanya Yangu Alivyouzwa Melini Akiwa Hai

Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa, na kazi yangu ni kukanda watu mgongo. Jina langu ni Amina. Nawaandikia wasomaji wenzangu hasira ikiwa bado haijapoa, kwa hivyo mtanivumilia nikipandisha sauti.

Mimi na Njeri tulikutana katika spa moja ya Kilimani, zile ambazo mteja huvishwa joho jeupe na kupewa maji yenye vipande vya tango kabla hata hajaguswa. Tulikuwa wakandaji wa chumba kimoja. Baada ya muda tukapanga nyumba pamoja huko Uthiru, si mbali na kwao Njeri, tukawa tunakula sufuria moja. Sikuzaliwa na dada... nikadhani Mungu amenipa mmoja ukubwani.

Ijumaa tulizokuwa huru tulikwenda mjini kwa nyanya yangu, Bi Zaituni. Aliishi na mjomba wangu ghorofani, juu ya duka lao la marashi na udi. Nyanya ni mzaliwa wa Mombasa, na maisha yake yote alikuwa akisinga mabibi harusi. Kwa wasiojua, singo ni liwa, karafuu, asumini na waridi vilivyopondwa pamoja, na bibi harusi husuguliwa nayo mwili mzima siku chache kabla ya arusi. Anayesinga hataji bei. Hupewa leso na wenye arusi, akashukuru, basi. Meneja wetu wa Kilimani aliwahi kuniomba tuiweke singo kwenye orodha ya huduma, nami nikaenda kumwuliza Nyanya. Alikataa katakata.

"Ukishataja bei, huyo si bibi harusi tena," aliniambia. "Ni mteja."

Kisha Nyanya akapatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukalegea. Unajua kilichomnyima usingizi? Si ugonjwa, ni arusi yangu! Nilikuwa hata sijachumbiwa, lakini kila nikienda aliniuliza nitasingwa na nani. Bibi harusi hajisingi mwenyewe, na dada sina.

Ndipo siku moja akamketisha Njeri mkekani na kuanza kumfundisha. Alimwonyesha namna ya kupima karafuu kwa ncha za vidole, kuanza kwenye nyayo na kupanda juu, na kumtaja mama wa bibi harusi kwa jina kabla ya kumgusa kichwa. Kwetu mtu wa nje hafundishwi mambo hayo, na mjomba alibisha. Nyanya alimaliza ubishi kwa kumpa Njeri leso yake mwenyewe ya zambarau na kumwita mwanangu. Njeri alilia, akaahidi kwamba bibi harusi wa kwanza atakayemsinga nitakuwa mimi.

Haukupita muda mrefu, wakala mmoja akatangaza kwamba anatafuta wakandaji wa kufanya kazi kwenye meli ya kitalii, zile zinazozungusha matajiri baharini wiki nzima wakila na kulala. Tukaomba sote wawili. Mahojiano yalikuwa katikati ya jiji, tukaitwa mmoja mmoja, na kila mtu alitakiwa aonyeshe jambo ambalo huko melini hawana. Mimi nikafanya masaji ya mawe ya moto. Wakaniambia asante, na kwa jinsi walivyoisema nikajua nimeanguka.

Njeri aliingia baada yangu, akakaa sana. Tulipokuwa kwenye lifti tukishuka, nilisikia karafuu na asumini mikononi mwake. Nikamwuliza. Akasema alijipaka kidogo tu, kwa bahati njema. Nami nikaamini! Ningeachaje kumwamini?

Alipata kazi. Nilimpikia pilau, nikawaita majirani wote wa ploti, nikamsindikiza hadi uwanja wa ndege na kulia mpaka macho yakavimba. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili. Baadaye simu zikawa chache, lakini Salim, ambaye sasa ni mume wangu, aliponichumbia na nikampa habari, Njeri alishangilia na kusema ataomba likizo aje anisinge. Nyanya aliposikia hivyo alianza kumwagiza mjomba karafuu.

Basi siku moja pale Kilimani akaja mteja wetu wa zamani, mke wa wakili mmoja. Alikuwa ametoka kwenye safari ya meli. Nikamlaza, nikaanza kumkanda mabega, naye akaanza kunisimulia. Melini alifanyiwa kitu kinachoitwa "tambiko la bibi harusi wa Kiswahili", na bei yake ilikuwa kubwa kuliko kodi yetu ya mwezi mzima Uthiru! Nilitaka kucheka... mpaka akataja karafuu. Akataja leso ya zambarau. Akasema msichana aliyemfanyia alimwuliza jina la mama yake kabla ya kumgusa kichwa.

Mikono yangu ilikuwa bado mgongoni mwake. Sikujua kama niendelee kukanda au niiondoe.

Nikamwuliza kama iliistahili bei hiyo. Akasema kusuguliwa peke yake, hapana, kusugua ni kusugua tu. Kilichomgusa ni hadithi. Msichana yule alimweleza kwamba alifundishwa na nyanya yake mzazi, mwanamke wa mwisho aliyeijua singo ya kweli, na kwamba nyanya huyo alikata roho amemshika mkono. Abiria walikuwa wakilia pale kitandani! "Sikuona uchungu kulipa," mama yule akaniambia. "Nilikuwa nalipia yule nyanya."

Yule nyanya! Saa ile ile Nyanya yangu alikuwa mjini, hai, akichambua waridi kwa mkono wa kushoto ili mwanawe Njeri akija akute kila kitu tayari.

Nilimtumia Njeri ujumbe. Nilimwandikia kila neno lililonijia, mengine siwezi kuyarudia hapa. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, mchangamfu kama anayemwongelesha abiria.

"Amina, usikasirike bana. Hiyo kitu ilikuwa inakaa tu hapo kwa mkeka. Mimi ndio nimeipatia thamani. Na likizo wamekataa, lakini nyinyi kujeni huku hanimuni. Nitakufanyia, nitaongea nao wakupatie diskaunti."

Diskaunti! Mimi, nisingwe singo ya nyanya yangu kwa diskaunti!

Mabaya hayakuishia hapo. Mke wa wakili alikuwa amemsimulia meneja naye, na meneja akaniamuru nianze kutoa "tambiko kama la melini", hadithi ya nyanya marehemu ikiwa ndani. Nilikataa. Akaniambia kama siwezi hata kuiga, sina faida kwake. Nikatoka pale bila kazi, arusi ikiwa imekaribia.

Nyanya alinisinga mwenyewe. Kwa mkono mmoja, akipumzika kila mara, jasho likimtiririka, na kila akipumzika aliniuliza Njeri yuko wapi. Nilimwambia amenyimwa ruhusa kazini. Singo iliyobaki aliikomba yote, akaitia kwenye kopo na kufunga kifuniko.

"Hii mwekee mwenzako," akasema. "Naye siku yake itafika."

Nyanya alifariki miezi michache baadaye, bado anamngoja. Hakujua kwamba kule baharini alikuwa amekwisha kuzikwa, na alizikwa tena kila mteja alipovua joho na kulala.

Wasomaji wenzangu, kama nyumbani kwenu kuna kitu ambacho hakijawahi kutajiwa bei, msidhani kila anayelia akikipokea amekielewa. Wengine hulia, kisha wakaenda kuuliza kinauzwaje. Chunguzeni watu kabla ya kuwaketisha mkekani kwenu. Mimi sikuchunguza, na aliyedanganywa zaidi ni mtu asiye na kosa lolote.

Nasikia mkataba wa Njeri unakwisha na anarudi Uthiru. Kopo bado ninalo kabatini. Singo imekauka, lakini ukifungua kifuniko bado inanukia. Akija nitampa mkononi, kwa kuwa ni lake, Nyanya alimwekea. Wala simtozi kitu.