Nta Chini ya Ngazi za Bwana

Ghala la shule lilikutwa tupu siku ya Ijumaa, mwezi wa Septemba mwaka 1905, muda mfupi baada ya adhuhuri. Aliyelikuta ni Mwalimu Daimu, msimamizi wa shule za serikali katika wilaya ya Songea. Komeo la mlango lilikuwa mahali pake. Mkeka ulikuwa umetandikwa sakafuni kama alivyouacha asubuhi. Asubuhi ile juu ya mkeka palikuwa na mikate kumi na miwili ya nta. Sasa hapakuwa na kitu.

Mwalimu hakupiga kelele. Aliinama, akapitisha kiganja juu ya mkeka, akakinusa. Kisha akamwita mlinzi.

"Longino."

"Naam, Mwalimu."

"Nani ameingia humu?"

Kijana wa Kingoni alichungulia ndani, akarudi nyuma kama aliyekanyaga nyoka. "Mwalimu," alisema polepole, "mimi nimekwisha kufa."

Hakuwa anatia chumvi. Lango la boma lilikuwa limefungwa tangu Jumatatu. Nje, Wangoni walikuwa wamekunywa maji ya dawa na vita ilikuwa imefika. Ndani walibaki Bwana Mkubwa Mjerumani, Mzungu mwenzake mmoja, askari wake, na watu wachache waliokuwa na kazi za serikali. Hakuna aliyetoka wala aliyeingia. Kwa hiyo mwizi alikuwa mmoja wao, na katika wao Mngoni alikuwa mmoja tu.

Nta ile ndiyo iliyoiendesha shule. Watu wa vijijini hawakuwa na rupia, lakini walikuwa na mizinga. Kila kijiji kilileta mkate wake wa nta, nao ukiuzwa pwani ulilipa walimu na kununua vibao vya kuandikia. Zamani akida mmoja alikula mchango wa mwaka mzima. Tangu hapo majumbe waliweka sharti. Kabla mwaka wa masomo haujaanza, Mwalimu atasimama mbele yao na kutoa taarifa: kilichopatikana, kilichotumika, na siku ya kufungua shule. Nta yenyewe itatandazwa mkekani. Kila kijiji kilikuwa na alama yake, iliyokandamizwa kwenye nta kabla haijaganda: kidole gumba, meno ya kitana, ukindu wa mkeka. Jumbe huinama, akaiona alama ya kwao, ndipo hukubali kumtoa mwanawe. Wenyewe walisema, nta kwanza, mtoto baadaye.

Baraza hilo lilikuwa kesho, Jumamosi. Bwana alikuwa amewapelekea majumbe ahadi kwamba watakuja mpaka langoni na kurudi salama, ingawa ni vita.

*

Bwana aliipokea habari akiwa kwenye baraza ya ofisi yake, juu ya ngazi za mawe. Alikuwa na miezi mitatu tu Songea, na Kiswahili chake kilitosha kuomba maji na kutukana. Mambo mengine yote yalipita kwa Bakili, karani na mkalimani, Myao mwembamba mwenye sauti ya chini.

Bwana alisema maneno mengi, akajipiga kofi shingoni.

"Bwana anasema ndugu yake Longino yuko porini na waasi," alitafsiri Bakili. "Anasema Longino aliirusha nta nje ya ukuta, wenzake wakaidaka. Kesho baraza likiisha atanyongwa."

"Mwambie Bwana askari wote walikuwa juu ya ukuta saa hiyo. Mtu hawezi kurusha mizigo vichwani mwao wasione."

Bakili alisema. Bwana alijibu kwa ufupi, akajipiga tena kofi.

"Anasema ukiipata nta kabla ya baraza, Longino atapona. Usipoipata, usimwombee. Tena anasema nyuki hawa wafukizwe. Wanamsumbua tangu mchana."

"Nyuki hapa?" Mwalimu alitazama upande wa pili wa ua, kwenye mitungi ya maji, ambako nyuki walijaa kila siku za kiangazi.

"Nyuki hawana karani wa kuwapangia, Mwalimu," alisema Bakili. Waliposhuka ngazi, aliuliza kwa sauti ndogo zaidi: "Na mkate wa kijiji cha kina Mshamu, nao umekwenda?"

"Yote imekwenda."

"Ah. Maskini," alisema Bakili. Mshamu alikuwa mwanafunzi wa upande wa Namtumbo, mtoto wa jumbe. Kila Idi Bakili alimnunulia kanzu. Mwalimu aliuhesabu kuwa wema wa mtu asiye na watoto.

*

Ombasha Iddi, mkuu wa zamu, aliongoza upekuzi. Walipindua vitanda vya askari, wakachoma makuti ya mapaa kwa mikuki, wakachovya mti kisimani. Walipekua kila mahali isipokuwa nyumba na ofisi ya Bwana. Alasiri walikuwa hawajapata hata chembe.

Mwalimu alianza kuuliza. Alikwenda kwanza kwa Longino, aliyefungwa mnyororo chumba cha walinzi.

"Uliondoka mlangoni?"

"Niliondoka, Mwalimu. Ombasha alipita mbio, akasema moshi umeonekana Matogoro, kila mtu ukutani. Ningekaa, angenichapa."

"Uliuona moshi?"

"Niliona milima tu."

"Ndugu yako yuko nje, ni kweli?"

"Ni kweli. Na mimi niko ndani. Kule wataniua kwa kuwa niko huku, na huku wananiua kwa kuwa yeye yuko kule." Alijaribu kucheka, lakini mnyororo ulilia kabla yake.

Iddi alikuwa jikoni, akibembeleza bakuli la uji mbele ya Biasha, mpishi wa shule.

"Ombasha," alisema Mwalimu, "askari wawili wameniambia ulichelewa kufika ukutani. Ulikuwa wapi?"

Iddi aliweka bakuli chini. "Unanishuku mimi?"

"Nauliza tu."

"Mwambie, baba," alisema Biasha bila kugeuka. "Au nimwambie mimi? Ombasha wetu aliposikia waasi, tumbo lilimwita kabla ya Bwana. Alikimbilia chooni na bunduki yake. Mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea maji."

"Ulimi wako, mwanamke, utaungua kama uji wako!"

"Uji ulioungua umeumaliza."

Mwalimu alingoja watulie. "Habari ya moshi ulipewa na nani?"

"Karani. Alikuja akasema, Bwana ameona moshi, wote ukutani."

Basi Mwalimu alirudi kwenye baraza ya ofisi. Bakili hakuwapo. Bwana alikuwa amekaa peke yake, na kitambaa shingoni. Mwalimu alisimama chini ya ngazi, akachagua maneno machache yaliyo mepesi.

"Bwana. Moshi. Nani ona?"

Bwana alikunja uso. "Askari ona," alisema. "Bakili sema, askari ona."

Mwalimu aliinama kwa adabu. Alipokuwa ameinama aliona uvungu wa ngazi, pengo jeusi kati ya mawe. Nyuki waliingia mle mmoja mmoja, na wengine walitoka.

*

Alikaa kwenye kizingiti cha ghala lake tupu, akafikiri bila haraka. Hakupenda kumhukumu mtu moyoni kabla ya kumsikia.

Nani aiibe nta wakati huu? Pwani hakufikiki, na ndani ya boma nta haina mnunuzi. Kwa hiyo mwizi hakutaka kuiuza. Alitaka tu isionekane kesho mkekani. Na nta isipoonekana, jambo moja tu litazuilika: watoto kuja shuleni.

Nani asiyetaka watoto waje? Mwalimu aliwapitia waliomo bomani, mmoja mmoja, akitafuta mwenye mtoto shuleni. Hakumpata. Akaanza tena, na mara hii alijicheka. Alikuwa anahesabu kama watu wa kwao Lindi, kwa baba. Bakili alikuwa Myao, na kwa Myao mtoto wa dada ndiye mtoto. Mjomba ndiye anayeulizwa akiugua, ndiye anayemwoza, ndiye anayemnunulia kanzu ya Idi.

*

Jua lilikuwa limeanza kuinama alipoingia chumba cha karani na kufunga mlango.

"Mama yake Mshamu ni dada yako," alisema.

"Wa tumbo moja," alijibu Bakili. "Sikukuficha. Hukuuliza."

"Nani aliuona moshi wa Matogoro?"

"Askari."

"Askari wanasema Bwana. Bwana anasema askari. Kati yao anasimama mtu mmoja, naye peke yake anaweza kuwaambia wote wawili habari isiyo na mwenyewe. Wakati kila jicho, hata la Bwana, linatazama nje ya ukuta, mtu huyo alivuka ua na gunia." Mwalimu alivuta kigoda, akakaa. "Pori limekauka, Karani. Miezi hii nyuki huenda penye maji au penye harufu ya asali. Chini ya ngazi za Bwana hakuna maji. Na mahali pale hapakupekuliwa, wala hakuna anayesogea pale bila kuitwa, ila wewe."

Bakili alifuta kalamu yake muda mrefu, ingawa ilikuwa safi.

"Umemwambia nani?"

"Bado. Nataka kusikia sababu."

"Juzi Bwana alizungumza na yule Mzungu wa pili. Mimi nilikuwa namimina chai, na mtu anayemimina chai kwao hana masikio. Alisema hivi: watoto wa majumbe wakishaingia, lango lifungwe. Walale ghalani. Kijiji kitakachopiga boma, mtoto wake apandishwe ukutani awe ngao."

Mwalimu aligeuka, akautazama mlango aliokuwa ameufunga.

"Kesho utasimama langoni," Bakili aliendelea, "useme shule ina mali, inafunguliwa Jumatatu. Watakuamini, kwa sababu hujawahi kuwadanganya. Wewe utasema shule, na mimi nimesimama karibu nawe najua ni gereza. Wewe ndiwe chambo, Mwalimu. Chambo kizuri."

"Ungeniambia."

"Ungeniamini? Shule hii ni macho yako. Ungekwenda kumwuliza Bwana, na ungemwuliza kwa kinywa changu."

Ilikuwa kweli, na Mwalimu aliona uchungu wa ukweli ule. Kisha akauliza, "Na Longino?"

Bakili aliweka kalamu chini. "Sikumfikiria Longino. Wallahi, sikumfikiria. Nilidhani watachapwa walinzi, basi. Kesho nitasema mwenyewe."

"Ukisema, utanyongwa wewe. Nta itatolewa uvunguni na alama zake zote, itatandazwa mkekani, na watoto wataingia. Tukinyamaza, Longino anakufa kwa kosa lisilo lake."

"Basi tumekwama."

"Tumekwama," alikubali Mwalimu. Kupitia dirishani aliona ukuta, na juu yake askari wamesimama wameupa ua mgongo. Alitazama ngazi za mawe. Nyuki walikuwa bado wanaingia. "Bwana alitoa amri leo mchana," alisema hatimaye. "Imetimizwa?"

"Amri gani?"

"Ya kufukiza nyuki."

*

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Biasha alileta makaa ya jikoni kwenye kigae kikubwa. Iddi aliyasukuma uvunguni kwa mti, akarundika majani mabichi juu yake. Moshi ulitoka mweupe, mzito. Nyuki waliruka wakatawanyika. Bwana alikaa mbali, ameridhika.

Kisha kitu cha manjano kilitambaa kutoka kati ya mawe, kikakutana na vumbi, kikaganda. Kingine kikafuata.

"Mama yangu!" alisema Biasha. "Ngazi zinalia nta!"

Waliondoa makaa wakatoa gunia. Ndani yake mlikuwa na donge moja kubwa lenye majivu. Hapakuwa na gumba, wala kitana, wala ukindu.

Bwana alipiga kelele. Bakili alifungua kinywa kutafsiri, lakini Mwalimu alitangulia.

"Mwambie Bwana, ni mimi. Niliposikia waasi wanakuja niliificha mahali ambapo mwasi hafiki. Baadaye niliona Bwana amekasirika, nikaogopa kusema. Mwambie Longino hawezi kukaribia ngazi hizi, na kila askari anajua hivyo."

Bakili alimtazama. 

"Tafsiri, Karani," alisema Mwalimu kwa upole. "Ndiyo kazi yako."

Bakili alitafsiri. Ilichukua muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Jibu la Bwana lilikuwa fupi.

"Longino afunguliwe," alisema Bakili, akitazama chini. "Wewe, viboko hamsa ishirini. Baraza likiisha. Na kazi ya shule si yako tena."

*

Majumbe walikuja wakakaa mbele ya lango. Donge la nta liliwekwa mkekani. Bwana alisimama nyuma, Bakili kando yake, na bunduki juu ya ukuta.

"Ndugu zangu," alisema Mwalimu, "nawapa taarifa ya shule yenu. Mali mliyoleta haikuibwa wala haikuuzwa. Iko hapa yote. Walimu wamelipwa mpaka mwezi uliopita. Bwana Mkubwa amesema mwaka wa masomo uanze Jumatatu. Sasa, kama desturi yetu, tazameni nta."

Walikuja mmoja mmoja, wakainama. Jumbe wa kina Mshamu, mzee mwenye jicho moja, alilipapasa donge pande zote.

"Mwalimu, mkate wangu uko wapi?"

"Umo humo, mzee wangu."

"Siioni alama yetu."

"Wala mimi siwezi kukuonyesha."

Mzee alimtazama usoni kwa jicho lake moja, muda mrefu. Kisha akajifuta majivu mikononi.

"Basi mtoto tutamleta siku tutakapoiona alama," alisema, na wenzake wakainuka pamoja naye.

Bwana aliuliza jambo. Bakili alijibu kwa Kijerumani, na baadaye kila mtu bomani alijua alivyojibu: wamesikia, wanakwenda kuandaa watoto.

Majumbe waliishika njia ya Namtumbo bila kugeuka nyuma. Longino, mwenye alama za mnyororo bado miguuni, aliusukuma mlango wa lango, na komeo likaingia. Mwalimu Daimu alivua kanzu yake, akaikunja vizuri, akampa Biasha amshikie.