Mgeni Aliyekuja Kuchorwa

Kiti kilikuwa kitupu, na Lea alikuwa anamchora mtu aliyekikalia.

Hivyo ndivyo Verediana alivyomkuta binti yake mchana ule, alipoingia ukumbini na mzigo wa vitambaa vya batiki begani. Ulikuwa mwaka sabini na tano, baridi ya Julai imeushika mji wa Iringa barabara. Chuo cha sanaa alichokuwa akifundisha kilikuwa kimefungua milango yake kwa wiki nzima kuelekea Sabasaba. Mtu yeyote aliingia bure. Walikuja wachuuzi wa sokoni, masista, madereva wa malori, hata wafugaji waliopanda kutoka Usangu na fimbo zao mkononi. Aliyetaka kuchorwa aliketi akachorwa, akaondoka bila kudaiwa kitu. Karatasi zilikuwa adimu baada ya ule mwaka wa njaa, kwa hiyo wanafunzi walichora juu ya vipande vya plaiwudi, kwa mkaa na rangi ya mafuta.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umeshuka tangu alfajiri, na wageni hawakuja. Wanafunzi wengine walikuwa jikoni wanaota moto. Lea alibaki peke yake dirishani. Aliinua macho kukitazama kiti, akainama kuchora, akainua tena.

"Mama, inua kidevu kidogo," alisema kwa adabu.

"Mimi?" Verediana akauliza.

Lea akashtuka. "Si wewe, mama. Namwambia mgeni."

"Mgeni yupi?"

Lea akakigeukia kiti, akakitazama kwa muda. "Ameondoka," akasema taratibu. "Umemkatisha."

Verediana akacheka, maana Lea alikuwa mtu wa mizaha tangu utotoni. Akasogea aione picha, na kicheko kikamwishia mdomoni. Alikuwa mwanamke aliyejitanda kaniki, nywele zimelowa na kushikana mashavuni, amechorwa vizuri kuliko kitu chochote ambacho Lea aliwahi kuchora. Ila hakuwa na macho. Mahali pa macho palikuwa ubao mtupu.

"Mbona hujamalizia?"

"Amesema nisubiri. Macho mpaka atakapokuwa tayari."

Kulikuwa na harufu pale, harufu ya tope la mtoni na majani yaliyooza. Verediana aliweka mkono juu ya kiti bila kukusudia. Kilikuwa kimelowa chepechepe.

Kesho yake jua lilitoka, watu wakafurika. Ndugu Ezekia, mkuu wa chuo, aliamuru picha ile itundikwe mbele ya mlango ingawa haijakamilika, na watu wakasongamana mbele yake. Walisimama kimya, wakasahau hata kuzungumza na waliokuja nao. Mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni, na mtoto akalia mpaka akakauka sauti, mama asimsikie, mpaka Verediana alipomshika mkono na kumtoa nje. Alipofika uani yule mama akapepesa macho kama aliyeamshwa usingizini. "Nimekaa muda gani mle ndani?" akauliza.

Lea aliendelea kuchora. Kila wageni walipopungua ukumbini, aliishusha picha, akasogeza kiti chake mbele ya kile kitupu na kuongeza kitu: mkunjo wa shingo, uzi wa nguo. Chakula kikawa hakimpiti kooni. Nyumbani, wakiwa wawili tu kama walivyokuwa tangu baba yake Lea afe na lori lake kwenye mlima Kitonga, Verediana alimpikia ugali kwa maziwa mgando, chakula alichokipenda, naye akakitazama kama mtu asiyekifahamu.

Kisha Verediana akagundua jambo. Lea alikuwa na alama nyeusi chini ya mdomo, ndogo kama punje ya ulezi, aliyozaliwa nayo. Asubuhi moja, akimpaka mafuta usoni kwa kuwa mtoto hakuwa na nguvu ya kujipaka, hakuiona. Akafuta mafuta, akasugua, akamgeuza kwenye mwanga. Ngozi ilikuwa laini, tupu. Akatoka mbio mpaka chuoni, akasimama mbele ya picha. Alama ilikuwa pale, chini ya mdomo wa yule mwanamke.

Baada ya hapo kila siku ilichukua chake. Kovu la Lea la paji la uso likahamia ubaoni. Mwanya wa meno ukahamia. Sauti ya mtoto ikawa inapwaya, haina kiini, na uso wake ukaanza kuwa uso wa mtu yeyote, uso ambao ukiupa kisogo huukumbuki.

Verediana alikwenda kwa Ndugu Ezekia, akamsihi aishushe picha ile.

"Mwalimu, umechoka," Ezekia alimjibu kwa upole. "Mkuu wa mkoa anakuja siku ya kufunga. Watu wanatoka mpaka Mafinga kuiona picha ya mwanao. Tukiificha, tutawaambia nini wananchi?"

Alikwenda kwa padre. Padre akaja nyumbani, akamwombea Lea, akamnyunyizia maji ya baraka, na Lea akasema "Amina" kwa sauti ambayo haikuwa yake, sauti nene iliyojaa maji, mpaka padre akafunga kitabu chake na kuondoka bila kunywa chai.

Ndipo Verediana alipochukua kisu cha kukatia vitambaa. Aliingia ukumbini wakati wa chakula cha mchana, akafunga mlango, akakikita kisu kwenye mkono wa yule mwanamke na kukivuta chini. Kutoka bwenini, ng'ambo ya uwanja, alikomwacha Lea apumzike, alisikia yowe la mwanawe. Alimkuta Lea amekaa sakafuni, mkono umepasuka kutoka kiwiko mpaka kiganja, damu inamwagika juu ya magoti.

"Usimkate, mama," Lea alinong'ona. "Tafadhali. Tumeshakuwa karibu sana."

"Nani huyu, Lea? Ulimtoa wapi?"

Lea alifikiri, kama mtu anayetafuta kitu gizani. "Ile siku ya ukungu hakuja mtu. Nikakipigapiga kile kiti, nikasema kwa mzaha, karibu hata wewe usiyeonekana, chuo ni cha wote, kaa nikuchore. Akakaa."

Verediana alilifunga lile jeraha, na usiku ule hakulala. Asubuhi alimwacha Lea na wanafunzi wenzake, akapanda lori la pareto lililokuwa likirudi Mufindi, akafika Igowole mvua ya manyunyu ikimnyeshea, akauliza nyumba ya Alinanuswe. Alikuwa amesikia habari zake kwa wapishi wa chuo: mwanamke wa Kinyakyusa aliyeolewa huko, anayewaondolea watu mapepo ya maji. Alimkuta shambani anapalilia viazi, mwanamke mfupi, amevaa makoti mawili.

"Kamwene," Verediana alisalimu, kisha akakaa palepale matutani na kusimulia yote huku analia.

Alinanuswe alisikiliza mpaka mwisho ndipo akaegemeza jembe. "Macho yameshachorwa?"

"Bado."

"Basi twende sasa hivi. Yale macho yakichorwa, huna mtoto tena."

Njiani, wamebanwa pamoja kwenye kiti cha mbele cha lori jingine, alimweleza kwa sauti ya chini ili dereva asisikie. "Hao ni majini wa maji. Hawana sura. Wanakaa mtoni miaka na miaka wakisikiliza watu wanavyoitana majina, na wao hakuna wa kuwaita. Mwanao amemwita huyu, akampa kiti, akamwahidi sura. Siwezi kumfukuza aliyekaribishwa. Ahadi yake lazima itimizwe."

"Itimizwe? Mimi nimekuja kwako umfukuze!"

"Atapewa macho, mama. Ninachoweza mimi ni kuchagua atapewa ya nani." Alinanuswe alimtazama usoni. "Lazima yawe ya damu ileile. Wewe unajua kuchora?"

Verediana alitazama barabara ikija mbele ya kioo, miti ya misindano, ng'ombe wawili, mwanamke aliyebeba kuni. "Najua," akasema.

Walifika Iringa siku ya kufunga maonyesho. Uwanja wa chuo ulikuwa umejaa watu, ngoma zinapigwa, mabango ya Sabasaba yanapepea. Ukumbi ulikuwa bado haujafunguliwa, ukimsubiri mkuu wa mkoa. Verediana alitumia ufunguo wake wa ualimu kuingilia mlango wa nyuma, na mle ndani, mbele ya picha iliyoshushwa ukutani, alimkuta Lea ameshika brashi.

Lea aligeuka. Mboni zake zilikuwa zimefifia, zimekuwa na rangi ya maji ya mchele. "Yuko tayari," akasema.

Alinanuswe alimrukia, akamnyang'anya brashi, akamlaza sakafuni na kumkalia miguuni, akamfunika kichwa kwa koti lake moja huku akisema maneno ya Kinyakyusa harakaharaka. "Chora!" akapaza sauti. "Chora, usimsikilize!"

Kwa maana yule mgeni alikuwa ameshaanza kusema. Sauti ilitoka kwenye kile kiti kitupu, ilitoka chini ya koti, ilitoka kwenye ubao wenyewe, sauti ya Lea alipokuwa na miaka mitatu akiomba maji, sauti ya marehemu mumewe akipiga honi nje na kuita jina lake, na sakafu ya saruji ikaanza kutoa maji baridi yaliyopanda mpaka vifundoni pamoja na ile harufu ya tope na majani, na huko nje ngoma zikaendelea na watu wakaendelea kucheka kana kwamba ukuta uliowatenganisha ulikuwa na unene wa mlima, na Verediana akiwa amekamata kioo kidogo cha mkobani kwa mkono wa kushoto na brashi kwa mkono wa kulia, anaomba, anakosea, anafuta kwa kidole, akalichora jicho lake mwenyewe la kushoto, ukope, mkunjo wa uchovu chini yake, mboni.

Alipoweka nukta ya mwanga kwenye mboni, jicho lake la kushoto likazimika.

Halikuuma. Upande ule wa dunia uliondoka tu. Na jicho la ubaoni likamgeukia, likamtazama kwa hamu kubwa.

Kulikuwa na mtu anagonga mlango wa mbele. "Nani yumo humo?" Ilikuwa sauti ya Ezekia. "Mwalimu Verediana, fungua! Mkuu wa mkoa amefika!"

"Usiache katikati," Alinanuswe alihema. "Mtoto anarudi. Naona anarudi."

"Mfunue kwanza."

"Mama, hakuna muda!"

"Mfunue nimwone!"

Alinanuswe akavuta koti. Lea alikuwa amelala chali, na chini ya mdomo wake ile alama ndogo ilikuwa imerudi. Verediana alipiga magoti ndani ya maji, akamtazama kwa jicho moja. Alimtazama paji la uso, nyusi, mwanya wa meno aliourithi kwa baba yake, kinywele kidogo karibu na sikio. Lea akafumbua macho, meusi, safi, macho yake mwenyewe.

"Mama," akasema, "mbona umelowa?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Tulia."

Akasimama, akachora jicho la pili. Safari hii hakukosea. Sauti zote zikanyamaza, na alichosikia mwisho kabla mlango haujavunjwa ni pumzi ndefu ya mtu aliyeridhika.

Watu walioingia walikuta sakafu kavu. Alinanuswe alikuwa ameshaifunika picha kwa koti lake, na jioni ileile aliifunga kwenye jiwe la kusagia na kuitosa katika mto Ruaha Mdogo, penye kina. Kabla ya kurudi Igowole alikaa kitandani kwa Verediana, akamshika mkono.

"Ametulia," alimwambia. "Ana sura sasa, ana macho, lakini kule chini hana wa kumtazama. Sura isiyotazamwa imelala. Siku mtu mwingine akimtazama, ataamka, na hapo mimi sitaweza kitu."

Lea alipona. Alirudi kula, akarudi kucheka. Chuo kilimwachisha mama yake kazi kwa maneno mazuri, na Lea akaacha kuchora, akajifunza kushona, akawa ndiye anayemwongoza mama yake kanisani kwa kumshika bega. Hakukumbuka chochote, na Verediana hakumwambia. Aliwaachia watu waseme ni ugonjwa wa macho.

Wala hakumwambia yeyote kwamba hakuwa gizani. Aliona maji. Usiku na mchana, macho yakiwa yamefumbwa au yamefumbuliwa, aliona maji ya kahawia, mwanga ukicheza juu mbali, samaki wadogo wakipita mbele ya uso wake. Mwanzoni alidhani atapata wazimu. Baadaye alizoea, akawa kila asubuhi anamshukuru Mungu kwa maji yale, kwa sababu maadamu aliona maji, mwanawe alikuwa salama.

Masika ilikuja kwa nguvu. Maji aliyoyaona yakawa mekundu, yakaanza kuzunguka. Aliona kamba ikipita mbele yake, imekatika. Aliona mawe, mizizi, mawingu, tena mawe. Kisha kila kitu kikasimama, na juu yake kulikuwa na anga, anga tupu ya buluu, siku nzima.

Lea alikuwa uani anachambua mboga aliposikia bakuli likianguka ndani. Alimkuta mama yake amesimama katikati ya chumba, ameinua mikono mbele ya uso kama anayemzuia mtu, macho yake meupe yamekodoka.

"Mama! Mama, kuna nini?"

"Ondoka," Verediana alinong'ona, lakini si kwa Lea. "Ondoka, baba, usinitazame. Nakuomba. Geuza uso wako."

"Unaongea na nani?"

Verediana akaupapasa mkono wa binti yake, akaukamata kwa nguvu mpaka ukauma. Hewani mle chumbani kulikuwa na harufu ya tope.

"Kuna mtu ameniokota, Lea," alisema. "Ananifuta uso kwa shati lake."