Vinundu vya Njugu

Masomo yakiisha, Nekoye hakuwa na muda wa kucheza. Alivua sare, akabeba jembe dogo na kutoka mtaa wa Kaloleni kwa miguu hadi shambani karibu na ziwa. Kwao hasa kulikuwa Bungoma. Baba yake, Khaemba, aliletwa Kisumu na kazi ya reli. Hawakuwa na shamba huko, lakini Mama Apiyo, mjane aliyekuwa jirani yao, alikuwa amewapa nusu ya shamba lake bila kudai chochote. Upande mmoja ulikuwa na njugu zake, upande wa pili njugu za mama yake Nekoye, na katikati kijia chembamba.

Mwaka uliotangulia walipanda nyanya hapo, na zote zikanyauka. Khaemba alipozing'oa, mizizi ilikuwa imevimba mafundo mafundo. "Ni ugonjwa huu," alisema. "Ukiona mafundo, ng'oa upesi kabla hayajaenea." Nekoye aliyashika maneno hayo.

Siku moja akipalilia kando ya kijia, jembe liliteleza likang'oa shina la njugu za Mama Apiyo. Lo! Mizizi ilijaa vinundu vidogo kama punje za mtama. Ugonjwa umerudi, nao utavuka kijia uingie kwa mama! Mama Apiyo alikuwa ameenda Usenge kununua dagaa wa omena, na Nekoye hakuwa na subira ya kumngoja. Aling'oa safu baada ya safu, akaitupa mimea mtaroni, mbali kidogo na shamba. Za mama yake hakuzigusa, wala hakuzichunguza. Alirudi nyumbani akijiona shujaa.

Kesho yake kilio cha Mama Apiyo kilisikika mtaa mzima.

"Nimekwisha mimi! Hata mbegu sitapata!"

Watu walikusanyika. Mmoja akasema aliona mbuzi wa Mzee Obiero karibu na shamba. Basi, ikawa ni hivyo. Mzee Obiero aliapa kwamba mbuzi wake alikuwa amefungwa, lakini nani angemsikiliza? Wazee wa mtaa wakakata shauri: Jumamosi amtoe mbuzi huyo awe fidia. Alikuwa ndiye mbuzi wake pekee, na maziwa yake ndiyo yaliyomlisha mjukuu aliyefiwa na mama.

Nekoye alifungua kinywa, akakifunga. "Nilikuwa naokoa shamba," alijiambia, lakini jioni hiyo ugali wake aliuacha sahanini. Aliogopa, na aliona haya.

Ijumaa aliokota shina moja mtaroni, likiwa bado bichi, akampelekea Mwalimu Walubengo aliyewafundisha kilimo. Alitamani sana aambiwe kwamba njugu zile zilikuwa mbovu.

"Mwalimu, huu si ugonjwa?"

Mwalimu alisugua kinundu kwa kidole, kikabanduka. Akakipasua kwa ukucha. Ndani kilikuwa na rangi ya waridi.

"Ugonjwa wapi! Hii ni afya. Mafundo ya nyanya husababishwa na minyoo. Mzizi wenyewe huvimba, huwezi kulibandua fundo hivi. Lakini humu kinunduni wanaishi bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Wakiingia mzizini hutengeneza homoni, yaani kemikali ileile ambayo mmea huitumia kujiamuru ukue. Mzizi ukiipata hutii, huvimba na kuwajengea nyumba. Nao hulipa kodi: huchukua naitrojeni ya hewani, wakaifanya chakula cha mmea. Za mama yako ulizitazama?"

"La, Mwalimu."

"Zitazame. Utavikuta vilevile."

Nekoye aliangua kilio, akasimulia yote.

"Kesho nitakusindikiza," Mwalimu alisema, "lakini utasema mwenyewe."

Jumamosi walimkuta Mzee Obiero amesimama mlangoni kwa Mama Apiyo, kamba ya mbuzi mkononi. Nekoye alipenya katikati ya watu.

"Si mbuzi. Ni mimi niliyeng'oa. Nilidhani vile vinundu ni ugonjwa."

Mama yake, Nasipwondi, alijishika kichwa. "Nekoye! Umemfanyia hivi huyu aliyetugawia shamba lake?"

"Vinundu hivyo naviona kila mwaka," Mama Apiyo alisema kwa uchungu, "ingawa sikujua ni vya nini. Mbona hukuningoja uniulize, nyathina, mwanangu?"

"Nusu ya njugu zetu ni zako, Mama Apiyo," Nasipwondi alisema. "Na huyu mtoto atakulimia mpaka mavuno."

Mama Apiyo alikubali, kisha akamgeukia Mzee Obiero na kumwomba radhi. Wazee nao wakafanya vivyo hivyo, nyuso chini. Mzee Obiero aliwaitikia kwa kichwa, akamtazama Nekoye.

"Kosa la kung'oa ulilifanya kwa kutojua. Hilo nimekusamehe upesi. Lakini uliniona nikiitwa mwongo, na ulijua ukweli, ukanyamaza. Hilo ndilo lililoniuma. Usilirudie kwa mtu yeyote."

Kisha akamwekea kamba mkononi.

"Haya, mrudishe mbuzi nyumbani. Mtoto anangoja maziwa."