Mgonjwa wa Kumi na Nne

Kila alipotoka shule, Kasuku alivua viatu, akachukua daftari la bluu na kukaa kwenye kigoda jikoni. Kasuku halikuwa jina lake; mdomo wake ndio uliomletea jina hilo. Lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri, kwa hiyo mama yake, aliyeongoza ziara za wagonjwa kanisani, alimfanya karani. Kila mgonjwa aliandikiwa namba, nyumba na ugonjwa. Akishatembelewa na kuombewa, aliwekewa alama ya vema.

Nyumba ile haikukosa wageni. "Hodi, mke wa fundi bomba amelazwa." "Hodi, yule mzee wa nyumba ya kona ameanguka bafuni." Wote mama aliwajibu neno moja: "Nakuja." Chai yake ilipoa mezani mpaka ikafanya utando.

Katika chumba cha nyuma alilala Bibi, mzazi wa mama, miguu imevimba, hajashuka kitandani tangu mvua zianze. Mama alipopita na mkoba begani, alichungulia tu mlangoni.

"Mama, nakuja."

"Tangu Jumatatu unakuja," Bibi akamjibu. "Kwani chumba hiki kimehamia mji gani?"

Kasuku alicheka. Mama hakucheka. Siku hizo hakucheka na mtu.

Alhamisi, umbea ulifika nyumbani kabla ya mama mwenyewe: eti amesinzia katikati ya maombi kwa fundi viatu, mgonjwa ndiye akamalizia amina. Alipoamshwa, akamfokea. Mama alipoingia hakusalimia. Alijitupa kitandani na viatu vyake.

Bibi alimwita Kasuku. "Lete hilo daftari lako."

"La nini, Bibi?"

"Niandike na mimi. Huenda zamu yangu ikafika."

Alisema akitabasamu, lakini vidole vyake vilikuwa vimekamata shuka kwa nguvu. Kasuku aliandika taratibu: *14. Bibi. Chumba cha nyuma. Miguu. Wiki tatu hajatembelewa.*

Kesho yake mama alisimama mlangoni na mkoba wake, akasoma orodha kwa sauti kama kawaida. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Alipofika kumi na nne, sauti ikakatika.

"Nani amekuambia uandike hivi?"

"Mgonjwa mwenyewe."

Mama aliweka mkoba chini. Aliingia chumba cha nyuma, akakaa kitandani, akalia kama mtoto.

"Nisamehe, mama. Niliona nikisema siwezi, ni kama namkatalia Mungu."

"Mungu hajakosa watu, mwanangu," Bibi akasema. "Wewe ndiye uliyekosa usingizi."

Jioni mchungaji alikuja, mama akamkabidhi daftari. Mchungaji alilifungua, akaipitia orodha hadi mwisho. "Kosa ni letu pia," akasema. "Tulikuona hukatai, tukazidi kukutwika." Jumapili alilirudisha daftari, na watu saba wakagawiwa wagonjwa. Mama alibaki na wawili, tena kwa siku mbili tu za wiki. Mmoja wao alikuwa fundi viatu. Mama alipomwomba radhi, yule mzee alimwambia, "Usijali, dada. Ulivyosinzia vizuri, hata mimi nilikaribia kukufuata."

Bibi aliishi wiki saba zaidi. Kila alasiri mama alimwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu, wakisengenya jirani mmoja baada ya mwingine mpaka maji yakapoa.

Baada ya mazishi, wageni walipoondoka, Kasuku alifungua lile daftari la zamani. Mbele ya namba kumi na nne kulikuwa na alama za vema alizoweka mama, moja kwa kila siku, zimejaa mstari mzima na kushukia mstari wa pili.

"Ni nyingi, mama."

"Ni chache." Mama alizipitia kwa kidole. "Zingekuwa nyingi kama ningejua mapema kusema leo nimechoka. Kumtumikia Mungu ni vizuri, mwanangu, lakini mtumishi aliyechoka huwafokea wagonjwa na kuwasahau wa kwake. Ukichoka, sema. Wengine washike, wewe upumzike, kesho urudi. Usingoje kama mimi."

Nje mtu alibisha hodi. Kasuku aliinuka kwenda kufungua. Mama alivuta kikombe chake, akainywa chai ingali ya moto.